Namba Thelathini na Moja

Kipimo kililia kwenye kikombe cha wifi yangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na mimi sikushangaa hata chembe. Nilikuwa nimeshaanza kumtilia shaka muda mrefu. Kilichonishangaza ni kwamba ushahidi ulijileta wenyewe mpaka kwenye kabati la chai.

Nijieleze kwanza, maana pale kazini wananiita Mpelelezi, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu. Mimi ni fundi wa maabara, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nikikuta mlango wazi nauliza nani kaufungua; nikiukuta umefungwa nauliza kuna nini ndani. Mume wangu husema siku nikifika mbinguni nitawadai malaika vitambulisho. Acha aseme. Kwa kazi yetu, mtu asiye na wasiwasi ni wa kuogopwa.

Kazi yenyewe ni hii. Tunachukua homoni inayotengenezwa na tezi ya shingo, tunaipachika iodini yenye mionzi, ili popote itakapokwenda tuisikie, kama mbuzi aliyefungwa kengele. Kisha tunaweka kiasi kilekile cha homoni hiyo katika kila mrija wa kioo, pamoja na tone la damu ya mtu, na dawa ambayo ina nafasi chache tu za homoni kukalia. Homoni ya damu na homoni yetu ya kengele zinagombea nafasi hizo. Zilizokosa pa kukaa tunazimwaga, halafu mashine inahesabu kengele zilizobaki. Damu ikiwa na homoni nyingi, zetu zinasukumwa nje, na hesabu inashuka. Kwa hiyo kwetu mambo ni kinyume: mrija unaohesabu kidogo ndio wenye mengi. Kila mgeni tunamwambia hivyo siku ya kwanza, na kila mgeni anasahau siku ya pili.

Mirija hiyo haitupwi. Inaoshwa na kutumika tena, na mwoshaji ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Nilimwombea kazi mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, alipofiwa na mumewe akabaki na watoto wawili shuleni na hana mbele wala nyuma. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: aliosha vizuri. Alikuwa akisuuza kila mrija mara saba, kisha anaunyanyua dirishani, anafumba jicho moja na kuuchungulia. Mimi nikawa namchungulia yeye.

Mambo yalianza miezi mitatu kabla ya hicho kikombe. Profesa, mkuu wetu, alitaka damu ya watu arobaini wazima, ili tujue homoni ya mtu asiye na ugonjwa inakaa kiwango gani. Wengi waliojitolea walikuwa wafanyakazi wa jengo letu. Kila mmoja alipewa kikaratasi chenye namba, na orodha ya majina Profesa akaifungia kwenye droo yake. Mimi niliona namba tu. Nikapima, na thelathini na tisa wakakaa mahali pao kama wanafunzi wenye adabu. Namba thelathini na moja akaporomoka. Hesabu yake ilikuwa ndogo mno, chini kabisa, na hawa walikuwa watu wazima wa afya.

Nilitoka na mirija mkononi nikapaza sauti mbele ya kila mtu.

"Nani kaosha hii ya thelathini na moja? Imejaa sabuni, hesabu iko chini kabisa! Kazi ya wiki nzima inaharibika kwa ajili ya uvivu wa mtu mmoja!"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na trei yake. "Nimeosha kama siku zote, wifi," akasema.

"Siku zote haikuwa hivi."

Akaniangalia kidogo, akaangalia mirija, akaondoka. Nami nikaandika kwenye daftari: *31, mirija michafu, isihesabiwe.*

Toka siku ile akawa mtu mwingine, na mimi nikasema moyoni, dhamiri inamsuta. Mikono ilimtetemeka mpaka trei ikawa inagongagonga, unamsikia anakuja kabla hujamwona. Alitokwa na jasho huku sisi wengine tumefunga madirisha kwa baridi. Alikula vizuri, tena zaidi ya wote, na bado nguo zilimpwaya. Macho yalimtoka kama mtu aliyefumaniwa. Nikimuuliza, ananijibu kwa mkato: "Uchovu tu."

Kisha akaomba ruhusa ya siku tano. Shughuli zangu binafsi, alisema. Shughuli gani hizo za mtu ambaye najua mpaka siku anayofua mapazia? Aliporudi alikuja na kikombe chake mwenyewe, cha bati, cha kijani, chenye kifuniko. Akawa anakunywa chai peke yake kwenye benchi la mwisho karibu na bomba la nje. Na asubuhi alipopita na trei mbele ya chumba cha mashine, mashine yangu ikiwa tupu, haina mrija hata mmoja, hesabu ilipanda kidogo. Akishapita, inashuka. Nikaandika saa na dakika, siku tatu mfululizo.

"Njoo nikupime mikono," nikamwambia.

"Leo sina nafasi, wifi."

"Dakika moja tu."

"Kesho," akasema, na kesho hakuja.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyonikata maini. Binti yangu alikuja nyumbani na mtoto wake wa miezi minne, mjukuu wetu wa kwanza. Wifi ni mtu wa kupokonya watoto mikononi mwa mama zao, huwa hasubiri hata avue viatu. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mbali na sote, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Bibi, si umpokee mjukuu wako?" binti yangu akamtania. "Au mpaka uletewe barua?"

"Leo hapana, mama. Nina mafua."

Nilikaa naye kwa muda wa saa nne. Nilitega sikio kuliko ninavyotega kazini. Hakupiga chafya hata moja. Chakula kilipotengwa, akatoa kwenye mkoba sahani na kijiko alivyokuja navyo kutoka kwake. Sikuvumilia.

"Sahani zangu zina nini, wifi?"

"Hazina kitu."

"Basi ni sisi tunaokutia kinyaa?"

"Mwache dada yangu ale," mume wangu akasema, bila kuinua kichwa. Niliona uchungu, sifichi. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku zile ngumu, leo ananiletea sahani kutoka kwake kana kwamba kwangu kuna uchafu.

Kwa hiyo ile Jumanne, alipokwenda kuanika mirija, nilichukua kipimo cha mionzi cha mkononi nikafungua kabati la chai. Vikombe vyetu sita vilikaa kimya. Cha kijani kikalia mpaka nikakiziba kipimo mdomo kwa kiganja, wasije watu.

Nikakimbilia kuhesabu chupa za homoni yenye iodini. Zote kumi na mbili zilikuwepo, vizibo vimekaza, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mwizi anachukua. Huyu hakuchukua, kwa hiyo kamwaga. Nikaipanga hadithi nzima papo hapo: alivunja mrija uliokuwa na dawa, akafuta kwa mikono mitupu, akaficha vigae, sasa uchafu umemganda na anaogopa kupimwa. Kwetu kumwaga si kosa. Kuficha ndiko kunakomfukuzisha mtu, maana kila anachokigusa kinakwenda kwa wenzake. Hapo hata mafua yasiyo na chafya yakaingia kwenye hadithi na kukaa sawasawa.

Nikakiweka kikombe kwenye mashine kubwa tuliyoifungua isikilize kila aina ya mionzi: elfu moja mia mbili na arobaini kwa dakika. Nikakifunga kwenye mfuko, nikaandika tarehe, nikakitia ndani ya sanduku la madini ya risasi yanayozuia mionzi, nikaweka ufunguo shingoni. Kisha nikaandika ripoti.

Profesa aliisoma mara mbili. "Huyu si wifi yako?"

"Kipimo hakina wifi, Profesa."

Akakuna kidevu. Kamati ya usalama ingekaa Jumatano ya wiki inayofuata, saa nane mchana. Ikithibitika kwamba alificha, kazi hana. Mpaka siku hiyo akae nyumbani.

Nilimkuta kwenye makabati ya nguo, anakunja koti lake la kazi. Alilikunja taratibu, mkono kwa mkono, kama nguo ya kumpelekea mtu zawadi.

"Umeshaandika?" akauliza.

"Nimeandika. Kama una la kusema, sema sasa."

"Umeweka na mfuko na ufunguo?"

"Nimeweka."

"Basi hakuna la kusema. Nikisema utaniuliza nani kaniambia, lini, na karatasi iko wapi." Akaning'iniza koti, akapita pembeni yangu akiwa ameacha nafasi kubwa, kama mtu anayekwepa kidimbwi. Nililiona hilo pia, nikaliongeza kwenye ripoti.

Nyumbani mume wangu alinuna wiki nzima. Aliniuliza swali moja tu, huku anafunga kamba za viatu. "Umempima dada yangu, au umemhukumu?" Nikamwambia vyote viwili ni kazi yangu. Jibu lilinitoka haraka kuliko nilivyotaka.

Jumatano asubuhi niliwahi kazini. Nilitaka kwenda mbele ya kamati na hesabu mpya, mbichi, asije mtu akasema ripoti imelala. Nikafungua sanduku, mfuko ulikuwa na muhuri wangu, tarehe kwa mwandiko wangu. Nikakiweka kikombe kwenye mashine.

Mia sita na kumi na nane.

Nikakitoa, nikakirudisha. Mia sita na ishirini na mbili. Cha kwanza kukishuku ni mashine. Nikaijaribu na chupa ya kupimia ubora wake, ikajibu vilevile kama kila siku. Cha pili nikashuku kwamba mtu kabadilisha kikombe. Muhuri haukuguswa, na ufunguo nilikuwa nao shingoni hata bafuni. Nikakaa kwenye kile kiti kirefu nikiwa sina tena wa kumshuku.

Sasa, iodini yetu naijua kuliko ninavyojua umri wa watoto wangu. Nguvu yake inapungua na kubaki nusu baada ya siku sitini. Kwa siku nane ingeshuka kidogo tu, ningesoma elfu moja na mia moja na ushei. Hii ilikuwa imebaki nusu kwa siku nane. Ipo iodini ya namna hiyo, kila fundi wa kazi yetu anaijua, ila sisi hatuitumii na haijawahi kuingia mlangoni kwetu. Ni ya hospitali. Anapewa mgonjwa aimeze, inakwenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo iliyozidisha homoni, na kuitia adabu.

Homoni ikizidi mikono inatetemeka. Jasho linatoka kwenye baridi. Mtu anakula na kukonda, macho yanamtoka. Na akishameza dawa anaambiwa: tumia kikombe chako, sahani yako, kaa mbali na watu, na usimpakate mtoto mchanga.

Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka ishirini na mbili napima homoni ya tezi, na ugonjwa wa tezi umekaa mlangoni kwangu Jumapili nzima nikautegea chafya.

Sikumwambia mtu. Nilivua koti nikaenda kwake, mitaa mitatu kutoka kazini, chumba na ukumbi, ngazi ya nje. Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua tatu kabla hajasema kitu.

"Kaa hapo, kwenye kiti cha mlangoni," akasema. "Daktari kasema bado siku nne."

Nikakaa. Yeye akakaa kule mwisho, kando ya dirisha. Kati yetu palikuwa na meza yenye vitabu vya watoto, na hao watoto, nikaja kujua, alikuwa kawapeleka kulala kwa jirani.

"Kikombe kimebaki nusu," nikasema.

"Siku nane," akasema. "Waliniambia."

"Kwa nini hukuniambia, wifi? Neno moja tu! Ningeichana ile ripoti kwa meno."

"Ungetaka karatasi."

"Ningetaka, ndiyo. Halafu ningekuamini."

"Karatasi hii hapa." Akaisukuma kwa ufagio mpaka miguuni pangu, na wote wawili tukataka kucheka, tukashindwa. Nilisoma. Ilikuwa na kila kitu: kipimo, tarehe ya dawa, masharti. Alikuwa amerudi kazini siku ya sita, kwa kibali cha daktari.

"Ulitakiwa utuambie," nikasema, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika. "Umepita mbele ya mashine. Umeniharibia hesabu siku tatu."

"Nilikosea hapo. Nitasema mbele ya kamati."

"Na hospitali ulikwendaje? Nani alikushtua?"

Akageuka. Akaangalia dirishani, akafumba jicho moja kidogo, kama anavyofanya kwa mirija.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Ulipotoka na mirija na kupiga kelele. Thelathini na moja." Akainuka, akatoa kwenye kitabu cha mtoto kikaratasi kilichokunjwa, akakiweka juu ya meza. Sikuhitaji kusogea ili nione namba yake. "Mimi ndiye thelathini na moja, wifi. Na nilijua vile nilivyoosha. Nikarudi kwenye karo nikajiuliza, kama mirija ilikuwa safi, na hesabu iko chini kabisa, basi kilichoharibika ni nini? Miaka sita nawasikia mkiwaambia wageni, kinachohesabu kidogo ndicho chenye mengi. Nikasema, basi ni damu. Kesho yake nikaenda hospitali."

Sikuweza kumwangalia. Ningemwangalia vipi? Kila damu tunaiweka kwenye mirija miwili, makusudi, ili mmoja ukiharibika mwingine useme. Mirija yote miwili ya thelathini na moja ilisoma sawasawa, tofauti ya vidole vya mkono mmoja. Uchafu haugawanyiki namna hiyo. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeona. Mimi nilimwona mwoshaji.

"Daktari kanipa dawa ya kutuliza moyo miezi ile, mpaka zamu yangu ya kumeza iodini ikafika," akaendelea, sauti imetulia. "Kasema ningechelewa zaidi, moyo ungechoka. Sikuwa nakuficha kwa ubaya. Ulishasema ni sabuni. Nikaona nikikwambia ni ugonjwa, utasema natafuta kisingizio cha sabuni."

Na ningesema hivyo. Ndicho kilichoniliza pale kwenye kiti cha mlangoni, mwanamke mzima na leso imelowa, na yeye hawezi hata kuja kunishika bega kwa sababu ya siku nne.

Saa nane tulikuwa mbele ya kamati, mimi ndani, yeye barazani nyuma ya dirisha lililofunguliwa, mita alizoamriwa na daktari zimetimia. Nilisoma ripoti yangu yote, neno kwa neno, hata lile la kidimbwi. Kisha nikasoma hesabu mbili za kikombe, nikasoma karatasi ya hospitali. Mwishoni nikamwomba Profesa afungue droo yake. Akaitoa orodha, akashuka na kidole, akasimama. Akalitaja jina la mwoshaji wetu.

Wifi alionywa kwa kutotoa taarifa, akaambiwa arudi Jumatatu. Mimi nilionywa kwa jambo ambalo hawakulipatia jina. Waliandika tu kwamba sampuli moja iliondolewa bila sababu ya kutosha. Barabarani alinitangulia hatua kumi, nami nikamfuata, tukizungumza kwa kupaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Aliniuliza kama mjukuu ameanza kukaa. Nikamwambia bado, anakusubiri wewe.

Kabla ya kwenda nyumbani nilirudi maabara nikatoa daftari la miezi mitatu iliyopita. Kwetu maandishi hayafutwi. Unapiga mstari mmoja mwembamba ili kosa liendelee kusomeka, unaandika sahihisho juu yake, unatia sahihi na tarehe. Nikapiga mstari. Juu yake nikaandika: *31, mirija safi.*